Mashoto wa Pitmarrow

Ina Tocher alizaliwa mashoto katika nyumba ya mtupa chokaa, na kwa ukoo wa Tocher huo ulikuwa mkosi kamili. Aliyegundua ni baba yake, Dod, siku alipomwona bintiye mdogo ameshika kijiko cha uji kwa mkono usiotakiwa. Akakihamishia upande wa pili. Ina akakirudisha. Akakihamisha tena. Ina akakirudisha, akamaliza uji wote, akaomba mwingine. Hapo ndipo vita vilipoanza, na vilidumu kuliko vita vyote vilivyowahi kupiganwa chini ya mnara wa Pitmarrow, ngome ya kale, na ule mnara haukujengwa kwa sababu majirani walikuwa wanapendana.

Bila kazi ya Dod hakuna habari ya Ina, kwa hiyo tuanze nayo. Huku Aberdeenshire nyumba ya mawe haiachwi uchi. Mvua yetu hainyeshi kutoka juu kama mvua yenye adabu. Inakuja ubavuni, imebebwa na upepo, inaingia hata tundu la ufunguo. Basi ukuta huvishwa koti la chokaa, mchanga na kokoto ndogo kama njegere, na koti hilo halipakwi, linatupwa. Fundi anachota kwa upawa wa chuma, anazungusha kiwiko, anakata kifundo cha mkono, na chokaa inafunguka hewani kabla ya kulipiga jiwe. Paa! Na tena, paa! Mkono mzuri unasikika kabla haujaonekana. Dod Tocher alikuwa na mkono mzuri kuliko wote kuanzia Huntly hadi baharini, na ukikaa naye dakika tano angekuambia mwenyewe.

Sasa, kila mtupo una ulalo wake. Mkono wa kulia hulaza kokoto kuelekea huku, wa kushoto kuelekea kule. Mchana wa kawaida huoni kitu. Lakini jua la jioni likiupitia ukuta kwa ubavu, hakuna linalofichika, na ukuta uliotupwa kwa mikono miwili tofauti unaonekana kama suruali yenye kiraka matakoni. Ndiyo maana Dod alikuwa na sheria moja tu maishani ukiacha zile Amri Kumi, na zile kumi sina hakika kama alizishika zote: ukuta mmoja, mkono mmoja. Na mkono wenyewe ulikuwa wa kulia.

Binti alipopata nguvu za kuinua upawa, alijaribu. Aliiba ndoo ya chokaa, akajificha nyuma ya zizi, akautupia ukuta mpaka ndoo ikaisha. Wanaoukumbuka ukuta ule wanasema ulipendeza. Dod alipouona hakupiga kelele. Alileta maji na brashi, akauosha wote mpaka yakabaki mawe, kisha akasema, "Hapa kwangu hatutupi kinyumenyume." Akaingia ndani kunywa chai.

Ina akawa mchanganyaji. Tangu alipoacha shule mpaka nywele zilipoanza kuwa na mvi alisimama chini, kwenye mashine, akiwalisha chokaa wanaume waliokuwa juu ya jukwaa la ujenzi. Si kazi ya mchezo. Chokaa kali ikikutana na maji inachemka bila moto, inanguruma, inatoa mvuke, na ukiwa mzembe inakutoa macho. Ndoo ya kwanza ikishafika juu, Ina alipaza sauti: "Nzito au nyepesi?" Na Dod alijibu kutoka jukwaani, "Nzito!" au "Nyepesi!" Ikiwa sawasawa hakujibu kitu, alitupa tu. Kimya cha Dod ndiyo ilikuwa sifa, na Ina aliishi kwa kimya hicho kama watu wengine wanavyoishi kwa mshahara.

Aliolewa na Charlie Pirie, muuza samaki wa gari, mtu mpole mwenye harufu yake. Wakapata mabinti wawili, wote wa mkono wa kulia, jambo ambalo Dod alilichukua kama ushindi wake binafsi. Na nyuma ya nyumba yake Ina alijenga banda la kuku la mawe, akalitupia chokaa kwa mkono wa kushoto, pembe zote, dirisha kwa dirisha. Kila baada ya miaka michache alilivua akalivisha upya, wala halikuwa linahitaji. Wageni walikuwa wanasimamisha magari, wanadhani ni kanisa dogo. Kuku wa Ina walilala kama mabwana. Kila Jumapili Dod alilipita banda hilo akienda kula nyama ya kusaga na viazi kwa bintiye, na hata mara moja hakuligeuzia shingo.

Mnara nao ulikuwa hauna paa tangu enzi za babu wa babu yake Dod. Bwana wa mwisho aliyeumiliki aliuza mbao za paa, akauza madini ya risasi ya mifereji, akahamia Edinburgh kwenye nyumba ya madirisha makubwa, akawaachia kunguru. Koti la chokaa likadondoka kidogo kidogo. Sisi wajinga tukazaliwa tukaukuta wa kijivu, tukaamini Mungu ndiye aliyeuumba wa kijivu. Ng'ombe walilala kwenye chumba cha chini, chini ya kuba nene la mawe. Wapenzi walipanda ngazi ya mzunguko mpaka pale ilipokatika. Ina, aliyekulia kwenye nyumba iliyo miguuni pake, aliujua mnara ule kama ulimi unavyoyajua meno. Na aliutaka. Alitaka siku moja, kabla hajafa, asimame juu kabisa, chini ya vile vijumba vya duara vinavyoning'inia pembeni kama viota vya mbayuwayu, autupie koti lake kwa mkono wake. Haja hiyo alimwambia Charlie peke yake, na Charlie aliwaambia samaki.

Halafu mnara ukanunuliwa na daktari wa meno kutoka Dundee. Jina lake Rhona Imrie, mwanamke mrefu mwenye cheko la kusikika mbali, aliyeuza nyumba yake nzuri na kuhamia karavani, nyumba ya magurudumu, katikati ya tope. Kijiji kilimcheka mwaka mzima. "Amezoea kuziba matundu," walisema baani, "sasa amepata mdomo wa saizi yake." Lakini paa likarudi. Ngazi ikaunganishwa mpaka juu. Ukumbini pakawashwa moto katika lile jiko la mawe ambalo ng'ombe mzima anaingia na pembe zake. Ikaanza chokaa: ukuta wa mashariki, wa kaskazini, wa magharibi, na juu yake rangi ya kiini cha yai, maana vipande vya koti la zamani vilivyopatikana vilikuwa na rangi hiyo. Kijiji kikapiga yowe. "Wameupaka haradali!" Ukiwauliza mnara unatakiwa uwe wa rangi gani, wanakujibu kijivu, kama mtu aliyezoea kumwona jirani yake uchi na sasa analalamika kwamba kavaa suruali.

Vile vipande vya zamani Dod alivikagua kwa tochi, akiilaza ubavuni mwa ukuta kama jua la jioni. Vyote vilikuwa vya mkono wa kulia. "Mafundi wa zamani walikuwa wanajua kazi," alisema, na alimtazama Ina alipokuwa akisema.

Ukabaki ukuta wa kusini. Huu ndio mwembamba kuliko zote, na sehemu yake ya chini imefichwa na zizi lililojengwa mgongoni mwake. Ulichelewa kwa sababu ya ndege. Pale ukuta unapokutana na kinara cha ngazi, kile kijimnara kinachobeba ngazi ya mzunguko, kuna pembe iliyojaa vijiti vya kunguru wa shingo ya kijivu, vijiti vya miaka na miaka, na sheria haikuruhusu kuwagusa wakiwa na makinda. Makinda yakaruka, Septemba ikaanza kuisha, na redio ikasema mwisho wa wiki kutaanguka jalidi, ule umande wa barafu. Chokaa mbichi ikigandishwa na jalidi inamenyuka kama ngozi ya viazi. Ilikuwa lazima itupwe siku ile ile, ifunikwe magunia, ipate siku chache za kushika. Na isiachwe katikati, kwa sababu ukuta haulali nusu. Ukilala nusu, mstari wa maungio utabaki unakucheka mpaka kaburini.

Ina alikuwa ameshatangaza kustaafu. Kiuno kilikuwa kimezikataa ndoo. Ukuta ule ndio ungekuwa wa mwisho, na angeumaliza kama alivyozimaliza zote, akiwa chini. Siku hiyo alikuwa na kila sababu ya kuamka mkali, na aliamka mkali.

"Ina!" Dod aliita. Alikuwa na miaka themanini na kitu, bega lake la kulia lilishakufa zamani, lakini aliletwa kila siku pamoja na kiti cha jikoni, blanketi na chupa ya chai ili awasimamie watu wasiohitaji kusimamiwa. "Vijiti vya kunguru bado vimo!"

"Nimeviona, baba."

"Unaviona au unavitoa?"

"Naviombea kwanza."

Akapanda jukwaani na magunia. Kenny Tocher, mtoto wa kaka yake Dod na ndiye bosi siku hizi, alikuwa upande wa pili na mwenzake Davie wakilowesha mawe. Ina akaanza kuvuta vijiti kwa mikono miwili. Vikatoka na mifupa ya panya, kijiko, utepe wa nywele, karatasi za peremende ambazo mama yake ndiye angezikumbuka. Vumbi likampaka uso mzima. Akavuta fungu la mwisho, likamwangukia kifuani, na nyuma yake akaona kiini cha yai.

Koti la zamani. Lilikuwa refu kupita kimo chake, kavu, zima, kama limetupwa mwaka jana. Kunguru walikuwa wamelifunika kwa blanketi la vijiti tangu paa lilipotolewa. Ina akaweka kiganja juu yake. Hata leo hawezi kueleza vizuri alichokihisi. Anasema tu kwamba mkono wake ulikaa. Akatoa tochi, akailaza ubavuni mwa ukuta.

Kokoto zote zilikuwa zimelala upande usiotakiwa. Zilikuwa zimelala kama kokoto za banda lake la kuku.

"KENNY!"

Kenny akaja mbio. "Nini? Umeng'atwa?"

"Shika tochi. Tazama. Usiseme kitu, tazama."

Kenny hawezi kutosema kitu, lakini alitazama. "Ebo," alisema. Kisha, "Labda mtu aliziba tundu tu."

"Tundu la urefu huu? Shuka na tochi. Shuka mpaka chini. Ni mkono mmoja, Kenny, mtupo mmoja, mtu huyo huyo! Na ukifika pale kwenye kona ya kinara, angalia."

Kenny akafika kwenye kona, akapiga mluzi. Pale pale ukuta wa kusini ulipoishia, mkono wa kushoto uliishia, na kwenye kinara ukaanza mkono wa kulia. Mpaka ulikuwa umenyooka kama umekatwa kwa kisu.

"Anko Dod atakufa," alisema Kenny.

"Asife kabla hajaona."

Kenny akainama kwenye reli ya jukwaa. "Anko! Huu ukuta ni wa mashoto!"

"Wa nani?"

"Mashoto! Fundi wa zamani alikuwa mashoto!"

"Nyie watoto msinitanie, mimi si rika lenu!"

"Hatutanii, baba!" Ina aliita, na sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtoto. "Njoo uone mwenyewe!"

Dod akaweka chini kikombe chake. Akasimama. Rhona, aliyekuwa anatoka karavani na mkate wa siagi mdomoni, akakimbia kumzuia. "Mzee, hapana. Ukipanda jukwaani watu wa bima watanila mzima mzima."

"Nani kataja jukwaa? Si una ngazi ndani? Umeitengeneza ya nini, ya kupigia picha?"

Akaingia mlango mdogo wa chini akiwa ameinamisha kofia, kama kila aliyewahi kuingia mlango ule, maana ulijengwa mfupi makusudi ili adui aingize shingo kwanza. Rhona alimfuata nyuma mikono wazi, tayari kumdaka. Dod alipanda akiegemea nguzo ya katikati, duru baada ya duru. Ukumbini alipumzika, akasema moto unavuta vizuri. Juu zaidi alisimama tena na kupapasa jiwe.

"Hapa ndipo ilipokuwa imekatika," alisema. "Hapa ndipo nilipomposa mama yake Ina."

"Pazuri kweli," Rhona alisema, akihema kuliko yeye.

"Pazuri gani? Tulikuwa tumekwama. Ngazi imekwisha, kushuka giza, nikaona niseme tu."

Kwenye dirisha la juu walimtoa nje kuingia jukwaani kama ndama anavyotolewa kwa ng'ombe, Kenny akivuta, Rhona akisukuma. Dod akatengeneza kofia yake. Akanyoosha mkono apewe tochi.

Aliangalia muda mrefu. Aliilaza tochi juu, akailaza chini, akaenda mpaka kwenye kona, akarudi. Akaweka shavu lake ukutani, akafumba jicho moja. Ina alijikuta anauma kucha zenye chokaa.

"Mashoto," Dod alisema mwishoni.

Akaendelea kuangalia.

"Na si mwanafunzi. Huyu alikuwa fundi. Tazama alivyougeuza mkono hapa kwenye pembe, mimi nisingeweza." Kidole chake kilisimama pale kwenye kona, juu ya ule mpaka. "Wa kulia kaishia hapa. Hakuvuka. Na huyu hakuvuka kwenda kwake." Alizima tochi. "Ukuta mmoja, mkono mmoja. Walikuwa na sheria yangu hii hii. Lakini yeye hawakumwosha. Walimpa ukuta wake."

Ina alilisikia lile neno la kuosha, na alijua linatoka wapi. Alikuwa anadhani baba yake alishausahau ule ukuta wa utotoni, nyuma ya zizi la nyumbani. Kumbe wote wawili walikuwa wameuweka moyoni.

Kenny akakohoa. "Sasa, Anko, tunafanyaje? Mimi na Davie wote ni wa kulia."

"Sheria haijabadilika."

"Yaani Ina? Peke yake? Watatu tungemaliza alasiri, Anko! Giza likimkuta katikati je? Ukuta haulali nusu!"

"Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba ukuta haulali nusu, kwa hiyo usinisomee." Dod akamgeukia bintiye. Katika maisha yao yote hakuwahi kumuuliza swali la kazi akitaka jibu; maswali yalikuwa yakipanda tu, hayakuwa yakishuka. "Utaweza?"

Mtu mwingine angetoa hotuba. Ina alikuwa nayo, miaka mingi ameipika na kuionja, maneno makali kweli, na mengine ya kumliza mtu. Yote yakakimbia. "Baba," alisema, "chokaa inakauka kwenye ndoo."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa upawa wake mwenyewe, ule wa banda la kuku. Ukingo wake ulikuwa umelika upande ambao pawa za watu wengine haziliki. Dod aliutazama ule ukingo. Chuma hakiliki hivyo kwa mwaka mmoja, wala kwa mitano.

Akachota. Akazungusha kiwiko, akakata kifundo.

Paa!

Lo! Ningekuwa na uwezo ningewasikilizisha. Chokaa ilifunguka, ikalipiga jiwe, ikakaa, wala haikudondoka hata punje. Paa, paa, paa! Ina alianza chini ya kijumba cha duara, pale alipopaota tangu utotoni, akateremka na ukuta kama mvua inavyoteremka na bonde. Kenny na Davie, wanaume wazima waliozoea kuletewa ndoo, sasa wakawa wanakimbia kuzileta. Davie alianguka nazo mara moja akaamka akicheka. Upepo ulikuwa wa upole, mawingu yalifunika jua kama yamelipwa, na kule kijijini watu wakasikia ule mlio na kushangaa, maana kila mtu aliijua kazi ya Kenny, na huu haukuwa mlio wa Kenny. Wakaanza kuja. Mwenye baa akaja. Mwanamke wa posta akaegesha gari lake na barua za watu ndani. Charlie akaja na gari la samaki akipiga honi tangu darajani, na aliposimama na kumwona mkewe kule juu, alivua kofia yake, akasahau kuirudisha.

"Charlie, huyo si mkeo?" mwenye baa aliuliza.

"Ndiye."

"Anatupa kwa mkono gani huo?"

"Mkono wake," alisema Charlie.

Tatizo lilikuwa mashine. Mchanganyaji alikuwa juu, kwa hiyo chini alibaki Rhona, aliyekwisha kumshusha Dod na kumrudisha kitini, na Rhona kwa meno ni hodari lakini kwa chokaa ni balaa.

"Daktari!" Ina alipiga kelele. "Hii ni chokaa au supu?"

"Nyepesi?"

"Inaogelea!"

Ndoo iliyofuata ilikuwa nzito kama ugali wa jana. Iliyofuata ikawa na mabonge. Ina akaanza kupoteza muda akichagua mabonge kwa vidole, na muda ndio aliokuwa hana. Alitazama sehemu iliyobaki, akatazama mawingu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hofu ikamshika kweli. Akatweta pale, jasho likimwingia machoni, bega linawaka moto. Akajisemea kwamba nusu ya ukuta ni aibu kuliko kutotupa kabisa, na kwamba wote watasema walijua tangu zamani kwamba hawezi.

Ndipo ikapanda ndoo moja. Akachota bila kutazama, akatupa, na mkono ukamwambia kabla ya macho. Ilikuwa sawasawa. Akachota tena. Laini, yenye uzito wake, inayoshika upawa na kuuachia kwa wakati. Chokaa ya namna ile alikuwa hajawahi kuitupa, kwa sababu ya namna ile alikuwa anaichanganya yeye na kuwapa wengine. Akainama kwenye reli.

Dod alikuwa amevua koti. Blanketi lilikuwa kwenye tope. Rhona alikuwa amesukumwa pembeni na kupewa kazi ya kushika mpira wa maji, na mzee mwenyewe amesimama kwenye mashine, koleo mkononi, anachota kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa haupandi tena. Akainua uso wenye madoa meupe.

"Nzito au nyepesi?" aliita.

Ina angeweza kunyamaza. Alikuwa na haki hiyo. Kimya ndiyo ilikuwa sifa, na mwenye kuijua desturi hiyo ni yule yule aliyekuwa chini. Lakini machozi yalikuwa yameshamtoka, na alikuwa na furaha ya kumpasua mbavu, na mtu mwenye furaha hana hesabu.

"Sawasawa, baba!" alipiga kelele. "Sawasawa kabisa!"

Neno hilo halikuwahi kushuka kutoka jukwaa lolote la Tocher. Dod akalirudisha koleo kwenye mchanga. "Nimeuliza swali moja," alinung'unika, akihakikisha watu wote wanasikia, "naletewa hotuba."

Baada ya hapo hakuna aliyemzuia Ina. Alikula samaki wa kukaanga wa Charlie kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukitupa, au ndivyo wanavyodai baani, na mimi siwabishii. Alasiri ikapita. Mtupo wa mwisho aliutupa amepiga magoti juu ya paa la zizi, mwanga ukiwa bado umebaki, upawa ukamponyoka, akaegemea nguzo ya jukwaa na kucheka kama kichaa.

Na jua, lililojificha mchana kutwa, likachomoza chini ya mawingu upande wa Huntly na kuupitia ukuta wa kusini kwa ubavu. Hiyo ndiyo saa ambayo kila mtupa chokaa anaiogopa. Kila kokoto ikatupa kivuli chake kidogo, na vivuli vyote vikalala upande mmoja, kutoka vijumba vya duara mpaka kwenye zizi, pamoja na vile vya yule fundi wa zamani pale kwenye pembe ya kunguru. Hukuweza kuona anaishia wapi na Ina anaanzia wapi.

"Bado itapakwa haradali," alisema mwenye baa, lakini kwa sauti ya chini, na akapangusa pua.

Wakafunika ukuta kwa magunia. Ina akashuka ngazi ya jukwaa, akaenda kukaa kwenye tope karibu na kiti cha baba yake. Dod alimmiminia chai iliyobaki kwenye chupa. Alikuwa amechoka hata midomo ilikuwa ya kijivu, na hakumtazama, alitazama magunia.

"Jumapili nakuja kula," alisema.

"Unakuja kila Jumapili, baba."

"Nitakuja mapema. Kabla hakujaingia giza." Akafunga chupa, akaifungua, akaifunga tena. "Nataka unionyeshe lile banda la kuku."

"Banda si unalijua? Unalipita kila wiki."

"Nimelipita," Dod alisema. "Sijaliangalia."